Kilo Thelathini na Nane

Niliufunga kwa blanketi la kijivu,
kamba ya katani mizunguko saba,
na juu yake nikaandika kwa kalamu nene:
BANZA, KINSHASA. USIKUNJWE.
Kana kwamba mulombwa hukunjika.

Vijana wa mikokoteni pale Luano waliuzunguka.
Mmoja alisema meza. Mwingine, kitanda.
Wa tatu akavua kofia, akaninong'oneza: poleni.
Sikumsahihisha.
Hakukosea sana.

Mbele yangu mama mmoja alipimisha
gunia la viwavi wakavu na tairi mbili za pikipiki;
hakuulizwa lolote.
Kisha zamu yangu. Mzani ukatetemeka,
ukatafakari, ukasema thelathini na nane.
Tikiti yangu inasema ishirini na tatu.

"Punguza," alisema Musonda wa kaunta.
Tukautazama sote wawili.
Sanduku hufunguliwa, vikatoka viatu,
ukatoka unga, ikatoka zawadi ya shangazi.
Mlango unautoa nini?

"Ndani mna nini?"
Ndani ya mlango, dada?
Inategemea umesimama upande gani.
Upande huu mna ua wetu wa komini ya Kenya,
vumbi jekundu, bata asiye na mwenyewe.
Upande ule mna bukari inayokorogwa,
na baba ametoka zamu ya usiku,
ovaroli yake inanuka moshi wa kiwanda,
anavulia viatu gizani asituamshe,
na sote tuko macho.

"Mzigo huu umeufunga mwenyewe?"
Alisoma swali kwenye karatasi, hakuinua uso.
Hapana. Aliufunga mama,
Agosti, siku tulipompeleka hospitali.
Alizungusha ufunguo mara mbili,
akasukuma kwa bega kuhakikisha,
akasema narudi.
Haukufunguliwa tena.
Aliyenunua kiwanja alianza na kuta.
Siku tatu mlango ulibaki umesimama kwenye fremu yake,
umefungwa, hauna nyumba,
na Kalumba jirani yetu, mtu wa adabu,
alipokuja kuokota matofali
alibisha hodi kwanza, ndipo akapita kando.

Hapo Musonda aliinua uso.
"Fungua blanketi."

Ubavuni, karibu na bawaba, ndiko tuliko:
mistari ya msumari, tarehe za penseli.
Banza anapanda kama ngazi, hadi kitasani, hadi juu ya kitasa.
Mimi nyuma yake, mwaka mmoja mmoja.
Feza aliyedanganya, alisimama kwa vidole.
Musonda aliweka kidole penye Kaseya,
chini, usawa wa kiuno,
akatafuta Kaseya mwingine juu yake.
Akatafuta tena.
Nyuma yetu foleni ilikuwa inakohoa.

"Toa bawaba na kitasa, tia mkobani mwako,"
alisema. "Tutaokoa kilo mbili."
Akaazima bisibisi kwa fundi wa mizani.
Kumi na tatu zilizobaki nililipa zote,
franga kwa franga, na risiti nikapewa; kazi ni kazi.
Ila kibandiko cha safari
hakukibandika upande wenye majina.

Ulilazwa kifudifudi kwenye mkanda,
ukaenda kichwa mbele, polepole,
hadi penye mapazia ya mpira,
na kwa mara ya kwanza tangu useremalani
mlango ulipita mlangoni.

Kwenye ukaguzi mashine ilinililia.
Mlinzi akauchomoa ufunguo mfukoni mwangu,
akaugeuza mwangani.
"Huu unafungua wapi?"
Nikamwonyesha dirishani:
wanaume wanne chini ya tumbo la ndege,
wanauinamisha, wanausimamisha,
wanabishana upande upi ni wa juu.

Na Banza ana mlango tayari, wa chuma,
ghorofa ya nne, makufuli mawili.
Nilimkumbusha hayo jana kwenye simu.
Alinyamaza hadi nikadhani salio limeisha.
"Ulete tu," akasema.
"Wangu wanakua,
na ukuta wa kupanga hauandikwi."