Jumapili ya Tisa, Colne

Walinikabidhi funguo saba na karatasi moja.
Funguo tatu hazifungui kitu, alisema Bwana Holgate,
mzee wa kanisa, lakini usizitupe,
hatujui zilikuwa za nini.
Karatasi ilisema: mahubiri, dakika kumi na mbili.
Nyimbo nne. Chai saa tano na robo.

Kwetu Golbanti dakika kumi na mbili
ni salamu tu: kuwaamkia kina mama wa kwaya,
kuuliza mafuriko yamefika wapi,
na mguu wa Hadulo je, umepona?
Ndipo Biblia ifunguliwe.

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.
Nikafumba.
Nikavaa joho la aliyenitangulia, Mchungaji Aspinall,
mikono yake mirefu ikinimeza vidole,
nikavaa na sauti yake. Niliipata kabatini, kwenye kanda:
sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni
kwa upole.
Nikajua kuzungumzia mvua bila kuiombea.
Nikajua kwamba "si mbaya" ni sifa kubwa.
Jina langu Dhadho likawa Dado, likawa Dedi,
na yote nikaitika.

Mikono usiipunge, nilijionya mimbarani,
nikashika kingo mbili za mbao
kama mtu aliye juu ya ngazi iliyooza.
Na wao, watu thelathini na mmoja
katika viti vya watu mia nane,
kila mmoja pale alipokaa mamaye,
wakanitazama. Kimya.
Kwetu kimya ni hukumu.
Mara moja tu nilithubutu: "Amina?"
Likaitikia bomba la kupashia joto.

Jumapili ya tisa, vikombe vinaoshwa,
Bi. Mavis Duerden akanishika kiwiko.
Miaka themanini na tisa. Kiwanda cha pamba
kilimchukua masikio bado kijana:
mitambo mia nne ya kufumia, chumba kimoja,
na wasichana wakipiga umbea kwa midomo mitupu
ng'ambo ya kelele,
wala halikupotea neno.
"Sijasikia mahubiri," alisema,
"tangu nywele hizi zikiwa nyekundu. Huwa nayasoma.
Wewe sikusomi."

Nikadhani ni Kiingereza changu.

"Siyo. Midomo inasema lake,
na uso umekaa kando unangoja basi.
Aspinall alikuwa na mdomo kama tundu la posta,
miaka kumi na minne nilimsoma kwa taabu,
lakini ulikuwa mdomo wake.
Ila siku ile ya kwanza, kabla hujaanza,
ulijikwaa kidole pale kizingitini
ukasema jambo.
Lile nililisoma lote,
na hata sijui ni lugha gani."

Nilicheka. Si kicheko cha chai na biskuti,
bali kile cha nyumbani, cha kupiga paja.
Bwana Holgate akageuka na kitambaa chake cha vyombo.
(Nilichosema siku ile, kwa Kipokomo,
hakiandikiki.)

Jumapili iliyofuata joho lilibaki msumarini.
Sikupiga kelele; wao si viziwi wote,
wala sikutumwa kuhamishia Golbanti
hapa penye mawe meusi na mvua ya kunyunyiza.
Nilianza kwa kuuliza hali ya goti la Bwana Holgate.
Akaona haya, akajibu.
Mikono ikaenda ilikotaka.
Dakika kumi na tisa.
Mama mmoja alitoka mapema, sijui kwa nini,
bado linanikera.
Kimya kilikuwa kilekile,
au labda mimi ndiye niliyekisikiliza safari hii.

Mlangoni Holgate akatazama saa, akanipa mkono:
"Si mbaya."

Na Bi. Duerden, akifunga kitambaa chake kichwani,
alinitupia neno kutoka ng'ambo ya ukumbi,
kwa midomo tu, kifumaji.
Sikulishika.
Nimeenda kwake Alhamisi, anifunze kusoma.