Zoezi la Nne: Hekalu Katika Theluji

Mwalimu Ibtisam katubandikia picha ukutani:
hekalu la Kijapani, nguzo nyekundu,
paa limeinama kwa uzito mweupe,
na mtu mmoja, mdogo kama punje ya mpunga,
kaulaza mwavuli upande wa upepo.
"Nakilini," anasema. "Msibuni. Leo mnajifunza kwa kuiba."
Nje ni Al-Khudh, mwezi wa saba, saa kumi jioni,
lami imelainika kama halua isiyopoa.

Mimi Azzan, fundi viyoyozi miaka thelathini na mmoja,
baridi naijua kwa spana na geji.
Nimeipeleka majumbani, misikitini, benki,
hata chumba cha maiti pale hospitali,
lakini sijaiona ikishuka yenyewe kutoka juu,
bila bomba, bila umeme,
bila mtu kuilipia.

Natia rangi nyeupe. Narudia.
Theluji yangu inatoka chokaa,
hekalu linafanana na kituo cha petroli cha Barka
siku kilipopigwa rangi upya.
Bi Thuwaiba wa meza ya pili ananichungulia:
"Kaka, hiyo theluji au samli?"
Nacheka. Samli kweli.

Mwalimu anakuja, ananinyang'anya kichupa cheupe,
anakitia mfukoni mwa abaya.
"Theluji haipakwi. Theluji inaachwa.
Paka kila kisichokuwa theluji,
kisha shusha mkono."
Kushusha mkono! Mimi niliyelipwa
kwa kutoacha kitu kama nilivyokikuta.

Karatasi ya pili. Nguzo. Mti. Mwavuli.
Naizunguka nyeupe kama mtu apitaye
kando ya mtoto aliyelala sakafuni.
Lakini kivuli, kivuli cha theluji kina rangi gani?
Kwenye picha ni buluu. Siamini.
Kivuli cha ukuta wa jirani yangu ni kahawia,
kina paka ndani yake,
na adhuhuri kinahama pamoja na paka.

Hapo sikio likanivuta:
mashine ya nje inakohoa.
Gesi imepungua, naapa bila kuiona.
Natoka, burashi juu ya sikio. Joto linanizaba kofi.
Nyuma ya jengo, kwenye bomba la shaba,
limeota lile ganda jeupe la barafu
nililolifuta kwa kitambaa maisha yangu yote,
nikiwaambia wanagenzi: mkiliona hili, pana ugonjwa.

Nachuchumaa. Goti linalalamika.
Ganda lina manyoya, lina vilima, lina mabonde
ambamo chungu mmoja angepotea siku nzima.
Na pale jua lisipofika, chini ya mkunjo,
wallahi, buluu.
Buluu ya mshipa kwenye kiganja cha mama
aliponishika mara ya mwisho.

Kitambaa kilikuwa mfukoni.
Sikulifuta.

Ndani wanajipepea kwa mazoezi yao ya wiki jana.
"Kimeharibika?" mwalimu anauliza.
"Kimeharibika. Nitakitengeneza.
Nipe dakika kumi."
Nachovya kwenye buluu, naongeza maji,
maji tena, mpaka rangi iwe karibu na kusahaulika.
Tone la jasho linaanguka juu ya paa la hekalu,
linatafuna ukingo wa kivuli.
Bi Thuwaiba anasema, "Umeiharibu."
Naitazama kwa jicho moja, kama tulivyofundishwa.
Hapo, upande wa kulia,
theluji imeanza kuyeyuka.