Naona

Bibi yangu, Somoe binti Nantimbo,
alikufa na sifa ya kiburi.
Newala nzima ilijua: hasalimii.
Unampungia mkono toka ng'ambo ya barabara
anapita kama mbele yake hapana mtu.
Lakini mpe korosho iliyochomwa,
ataibangua itoke nzima, nyeupe, bila mkwaruzo,
pua yake ikikaribia kuungua.

Mama akapokea hapo.
Sokoni alinunua kwa harufu na kwa sauti,
msibani alingoja mtu atajwe jina
ndipo alie naye.
"Watoto wa Somoe," walisema, "wanaringa kwa damu."

Kwa damu.
Hawakukosea sana.

Mimi ni karani wa ghala la chama cha msingi.
Wapakiaji wameniita Mnusa Mizani,
eti kilo sizisomi, nazinusa.
Sawa. Lakini msimu mzima
sijapoteza hata gunia.

Halafu Zamda, darasa la tano.
Mwalimu ameandika: *Mvivu. Hunakili kwa jirani.*
Nikamweka mbele yangu. Akasema ubao una ukungu.
Kila siku?
Kila siku, mama.
Hata jua likiwaka?
Hata likiwaka.

Nilinyamaza.
Ukungu ule naufahamu, nimezaliwa ndani yake.
Nilidhani ndiyo hali ya hewa ya huku kwetu juu.

Tabibu Hokororo alichora jicho nyuma ya bahasha.
"La huyu ni refu."
Refu kiasi gani?
Akabana vidole viwili
mpaka mwanga katikati ukabaki uzi.
"Milimita, pengine haifiki. Picha inakuja vizuri,
ila inatua kabla ya ukuta wa nyuma."

Nani kampa? niliuliza,
nami jibu ninalo mdomoni.

"Si jeni moja," alisema. "Ni nyingi, mamia,
kila moja inatoa punje yake, kama mchango wa harusi.
Na daftari puani nalo linachangia,
na jua la nje asilolipata.
Upande wa baba je?"

Nikacheka.
Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama,
mjomba ndiye mwenye neno,
baba ni mgeni aliyekawia kuondoka.
Ila kaka wa baba yake, Mchopa,
alikuwa golikipa kule Kitangari:
penalti alidaka,
mipira ya miguuni aliikumbatia,
akafungwa na mashuti ya mbali tu.
Wakasema kahongwa.
Kahongwa! Maskini Mchopa,
aliacha mpira kwa aibu ya milimita.

Damu haijui mila.
Imepita hata mlango wa baba.

Fedha ya mnada wa tatu ilipoingia
tukanunua miwani, fremu ya bluu, kachagua mwenyewe.
Jumapili nikampeleka Shimo la Mungu,
pale nchi inapokatika ghafla
na wenyeji huonyesha wageni kwa kidole:
kule chini Ruvuma, kule ng'ambo Msumbiji.

Bibi alisimama hapa akasema, naona.
Mama akasema, naona.
Mimi nimesema naona kwa mchumba,
kwa mkaguzi wa hesabu toka Mtwara,
kwa mwanangu huyuhuyu, nimembeba mgongoni.
Hili halimo katika jeni.
Hili tulifundishana.

Zamda akakaa kimya muda mrefu.
Kisha: "Kuna moshi. Mtu anachoma shamba.
Na mto si mmoja, mama, umejigawa kwenye mchanga,
halafu unarudiana. Unaona?"

Sioni, nikasema.

Akanitazama kama niliyemtajia jina jipya.
Akavua miwani, akanivika, mikono ya miwani
ikanibana masikioni. Nguvu yake haikunitosha,
mto ulibaki maneno ya mtoto.
Lakini mti ulio jirani ulikuwa na majani,
moja moja, kila moja na kingo zake,
na yalikuwa yanatikisika tangu zamani.

"Nirudishie," alisema.
"Nilikuwa sijamaliza."