Chuma cha Mahgol

Ghorofa ya tatu, Ruwi. Kiyoyozi kinanguruma
nami nimejitanda shali ya ofisini kama mgonjwa.
Kazi yangu ni majina.
Jina huingia, mashine hulinusa,
likifanana na lililomo katika orodha ya wakubwa
kioo huiva chekundu, na pesa husimama palepale
kama punda aliyeona nyoka.

Leo kasimamishwa Mirdost bin Pirbakhsh,
Mbaluchi wa Mutrah, fundi wa mafriji:
riali mia mbili na arubaini, kwa dada yake, Chabahar.
Asilimia themanini na tatu, mashine imesema.
Yuko Mirdost mwingine, asiyemjua,
mwenye meli, labda makombora, labda jina tu.
"Lete kitambulisho. Lete na cha baba. Lete barua
ya kueleza pesa ni za nini."
Kaleta. Kaandikiwa na mwanawe, kwa kalamu ya kijani:

Ni za dawa. Mahgol ana miaka tisa. Damu yake
haimtoshi, huongezwa ya watu kila wiki ya tatu,
na kila mfuko wa damu ya watu huacha chuma.
Chuma hujaa inini, hujaa moyoni.
Dawa ni ya kukitoa.

Nikafungua mwongozo, ukurasa wa sitini na moja:
dawa haimo katika vikwazo. Kwa wino mzito, haimo.
Nikapiga simu kwa benki ya Ulaya tunayopitishia.
"Kweli haikatazwi," kijana akasema, mpole kama muuguzi,
"ila sisi hatupendi kuigusa."

Chuma ndicho kilichomo. Ukurasa wa ishirini na mbili:
chuma, chuma cha pua, nondo, mabati,
marufuku kwenda, marufuku kurudi.
Nikakaa nikikiwaza kile cha Mahgol,
ni gramu ngapi,
kinamwomba nani ruhusa kitoke.

Mama, nyumbani Al Khoudh, hulala juu ya sukari.
Magunia mawili uvunguni, hayapungui,
tangu Unguja, tangu foleni,
alipoamka saa tisa usiku kwenda kuweka jiwe
mahali pake kwenye mstari wa unga,
na jiwe likahesabiwa mtu.
Nilipomsimulia habari za Mirdost aliuliza tu,
"Kikwazo si humkwaza atembeaye?
Mtoto huyo kalala."
Akarudi kwenye ungo wake wa mchele.

Asubuhi nikabonyeza: Imekataliwa. Sababu namba kumi na nne.
Mirdost hakubisha. Aliikunja barua mara nne,
akasema, kama asemaye leo kuna joto,
"Basi itapita Khasab."

Chabahar tunatazamana nayo, maji tu katikati.
Lakini dawa ya Mahgol itapanda kaskazini kwa gari,
itagongewa mihuri kuingia Emirati, mihuri kutoka,
itateremshwa Khasab ndani ya boksi la barafu,
ibanwe baina ya sigara na mashine ya kufulia
katika boti ya injini mbili, isiyowasha taa,
ishukie Bandar Abbas, kisha irudi kusini kwa lori,
mchana kutwa, hadi ilipokuwa ikitazamwa.

Boti hizo hazirudi tupu. Hurudi na mbuzi.
Sarafu ya ng'ambo imeanguka, na mbuzi wao wameanguka nayo,
Idi hii Mama kapata beberu kwa nusu ya bei ya mwaka jana.
Mbuzi hana jina, hakuna mashine ya kumnusa.
Nyama ilikuwa laini. Nilikula, nikaongeza,
nikalamba vidole mbele ya wageni.

Jumapili nikarudi kazini. Kioo cheupe.
Mirdost hajatokea tena dirishani.
Barafu ya boksi lile, nimeuliza, hukaa saa thelathini.
Nimeihesabu njia kwa gari, kwa boti, kwa lori,
nikapunguza foleni za mpakani, nikapunguza chakula cha dereva.
Kila nikiihesabu
ni thelathini na sita.