Nusu Raba

Jumanne, saa mbili kasorobo, Mwembe Tayari.
Nimeinua shata, nimefagia, nimebonyeza swichi.
Feni ya ndani ikavuma, taa ya kijani ikawaka,
kioo kikabaki cheusi
kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Nikazima. Nikahesabu hadi thelathini. Nikawasha.
Ikalia milio mirefu, mmoja baada ya mwingine,
kama lori linalorudi nyuma pale Makupa.

Mchawi wangu nilimjua papo hapo:
Chengo, kijana wa Bangladesh,
aliyekuja jana na flashi iliyofungwa uzi wa gunia,
nimchapie barua ya kuomba kazi bandarini.
Nilipoichomeka tu, folda zake zote
ziligeuka mishale midogo mbele ya macho yetu,
kila mmoja unaelekeza njia, hakuna unaofika.
Kirusi, nilisema jana.
Na leo kimeua.

Msellem wa viatu akaja na kahawa yake,
akaigonga kwa kiganja kama anayechagua tikiti.
"Isomee," akasema.
Mama Kadzo wa mahamri akasema ichomolewe waya, ilale.
Mimi nilikuwa kwenye simu, namfokea mtoto wa watu:
"Usikanyage hapa tena! Umeniulia mashine!"
Akajibu neno moja, "Samahani,"
nami nikaona ndiyo ungamo.

Maana humo ndani mlikuwa na watu.
Viapo vya vitambulisho vilivyopotea.
Notisi ya mwenye nyumba wa Tudor kwa mjane,
na jibu la mjane, zote nimezichapa mimi,
mjane nimempunguzia shilingi kumi.
Kadi ya arusi ya Rukia, iliyoahirishwa mara mbili.
Daftari zima la chama chetu cha kufa na kuzikana.
Na nakala? Nilikuwa nikisema kesho.

Saa nane akaja Mwanakheri kutoka chuoni,
bisibisi kwenye pindo la mtandio.
Hakuuliza nani. Aliuliza,
"Yalia vipi?"
Nikamwigia ule mlio. Hakucheka.
"Saa hiyo kirusi bado kimelala.
Hini yalilia kumbukumbu."

Akaifungua ubavu. Vumbi, mende mmoja mkavu,
na hewa yetu hii ya chumvi,
inayokula bawaba na misumari na antena za watu,
imetanda juu ya meno ya kijikadi
kirefu kama kitana.
Akaomba raba kwa mtoto wa Mama Kadzo,
akaikata kwa meno, nusu akamrudishia.
Akasugua polepole,
kama mwanafunzi anayefuta jibu
na hataki kutoboa daftari.
Akapuliza. Akakirudisha. Ta!

Kioo kikafumbua jicho.

"Ngoja kwanza," akasema, akaizima,
akaiwasha upya kwa flashi yake, kwa moyo wa kuazima,
ili kile kilicholala kisiamke
tukikipekua chumba chake.
Mjane alikuwamo. Rukia alikuwamo. Maiti wetu wote, na michango yao.
Na kirusi kilikuwamo, kimejikunyata,
kimevaa jina la kuheshimika.

"Tazama tarehe," akasema.
Nikatazama.
Mwezi wa pili. Wiki ile niliyopakia filamu za bure
kwa flashi yangu mwenyewe, mlango nimeurudisha nusu.

Kwa hiyo Chengo hakukileta.
Chengo alikibeba kutoka hapa,
mfukoni, pamoja na vyeti vyake vyote vilivyogeuka mishale,
na samahani alisema yeye.

Mwanakheri amekula mia tano zake, ameondoka.
Nimeifungua barua ile.
Mwisho wa kupokea maombi ni kesho, saa sita.
Chini ya "Wako mtiifu" ipo namba ya simu.

Napiga.
Nusu raba iko mezani, nyeusi upande mmoja.
Inaita.
Bado inaita.