Thalathini na Tisa na Ushei

Mwanangu Mkasi karudi Alkhamisi
kutoka dakhalia, Wete.
Zipu ya begi imekufa, kaifunga kwa ukindu,
na kabla hajavua ushungi, hajanywa hata maji,
kautazama msala wangu
akasema: Mama, umekwenda upande.

Miaka ishirini na mbili nasali papo hapo,
baina ya kitanda na mtungi,
naufuata ukuta,
na ukuta aliujenga marehemu baba yake
kwa jicho, kwa kamba ya usumba,
na kwa haraka ya kuiwahi masika.

Akakaa chini. Akatoa daftari la jografia,
lile lenye doa la mchuzi wa pweza,
akachora duara, akalipasua kwa mistari
kama anayegawa danzi.
Hapa sisi, akatia nukta.
Na hapa Makka, akatia nyengine,
juu yetu, juu moja kwa moja, si kushoto si kulia.
Wao thalathini na tisa na ushei.
Sisi thalathini na tisa na ushei.
Mama, tumo mstari mmoja.
Adhuhuri yao ndiyo adhuhuri yetu.

Kawafundisha Ustadhati Raya,
asomeshaye jografia saa mbili
na tajwidi saa nne, kwa chaki ile ile.

Mie sikujibu. Nilikuwa nachambua karafuu,
makonyo huku, karafuu huku.

Nilipasi, mie.
Jina lilibandikwa mlangoni, la nne kutoka juu:
Bikombo Hamad Faki.
Lakini sekondari ilikuwa mbali, bondeni hakuna nyumba,
na benchi ni moja, wavulana na sisi.
Baba hakuikataa elimu, namtetea hata leo.
Aliikataa njia. Alilikataa benchi.
Nikangoja mlango mwengine,
nikaolewa haujafunguliwa.

Ulipofunguliwa haukuwa na lipu.
Vyumba vinne, bati la mkopo,
fungu la serikali halimo.
Huyu katoa saruji, yule fremu za madirisha,
na Bi Shinuna wa Mtambwe, asiye mtoto,
asiyejua kusoma ila msahafu,
kaweka wakfu mikarafuu kumi na mmoja:
itakachozaa, wasome wasichana.
Msimu ukija, ada hupungua.
Usipokuja, mudiri hutupigia simu
kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.
Mwaka juzi niliuza kuku wote, na jogoo,
alfajiri tukabaki na muadhini peke yake.

Basi tukauweka sawa msala.
Pembe ikagonga mtungi; tukauhamisha mtungi.
Mtungi ukaziba mlango; tukasukuma kitanda.
Nyumba nzima ikageuka kwa penseli ya mtoto.
Nikamuuliza, nusu mzaha, nusu moyo ukinidunda:
Na sala zangu zote zile?
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Mwenye kujitahidi kuitafuta kibla hana deni, Mama.
Hiyo si jografia. Hiyo fiqhi,
tumesoma Jumanne.

Jumamosi karudi skuli,
na kilo tatu za mchele, na zipu ile ile.
Daftari kaniachia.
Nasoma usiku, kidole chini ya mstari;
nimekwama penye neno ikweta.

Jana kaja kaka yangu Kombo,
yule aliyesema, jikoni kuna ramani gani?
Magharibi ikamkuta kwangu.
Akatawadha, akasimama, akaufuata ukuta.
Nikamgusa bega:
Huku, kaka.
Nani kasema?
Nikamwambia: thalathini na tisa na ushei.
Akanitazama kama mtu aliyetajiwa bei ya karafuu
asijue imepanda au imeshuka,
akageuka, akakabiri.