Pia ya Deraman

Mvua imekatika. Uwanja nyuma ya karakana ya matairi
umefagiwa, umepigwapigwa kwa ubao, umekuwa sinia.
Hapa Pasir Mas treni ya saa tisa imekwisha pita.
Nimekuja na saa ya kupimia mbio, ya shule,
Jumatatu itarudi kabatini kabla mkuu hajaiulizia,
na mume wangu anaizungushia pia yake kamba,
mzingo juu ya mzingo, mita nne,
bila kuhesabu.

Miaka kumi na tisa nasomesha fizikia.
Yeye shule aliiaga mapema, akaenda kuziba pancha.
Nyumbani tuna mapatano:
mimi sitamki "tungamo" mezani,
yeye hanifundishi kukaanga samaki.

Lakini tazama.
Pia pana kama sahani ya wali, kilo tano na kitu,
mbao ngumu katikati, na ukingoni pete ya risasi
aliyoiyeyusha katika sufuria yangu nzuri
(haikupika tena, nami sikusema naye wiki nzima).
Wiki ilipokwisha nikamuuliza: kwa nini ukingoni?
Akasema, "Mzigo ukikaa mbali na moyo, hauchoki upesi."
Kitabu changu kinasema hayohayo
kwa mistari kumi na mmoja na mchoro.

Anarusha. Kamba inalia,
pia inatua matopeni ikivuma kama nyuki chunguni.
Wan Junoh anaiwahi, anaichota kwa kibao chembamba,
anaipandisha juu ya kijiti chenye kikombe cha chuma,
kisha anarudi nyuma, mikono hewani.
Pia tisa juu ya vijiti tisa.
Hakuna wa kuzigusa tena.

Basi mchezo ndio huo: kungoja.
Itakayoanguka mwisho imeshinda.
Watu wananunua chai ya barafu, wanazozana bei ya mpira,
na mtoto wa Seman, kondakta wa basi, ananivuta mkono:
"Mwalimu, mbona zimesimama?"
Hazijasimama. Zinakimbia mno, jicho limeachwa nyuma.
Dondosha jani uone.
Akadondosha. Jani likamrudia usoni.

Nimejiandikia kiganjani, kwa kalamu:
ya Deraman, ya tano kuanguka.
Nilipima kipenyo, nikakisia upepo,
nikaupa msuguano wa ncha nambari ya heshima.

Ya kwanza ilikufa saa nzima haijatimia.
Pia haianguki kwa ghafla, ina adabu:
inainama, na kile kinachotaka kuilaza
kinaishia kuigeuza, huku, kule,
kama mlevi anayeaga harusi nzima, mmoja mmoja,
kabla hajaanguka mlangoni.
Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikaaga kwa muda mrefu,
watu wakaicheka.

Ya tano haikuwa ya Deraman.
Wala ya sita, wala ya saba.
Jasho likafuta kiganja changu,
na mimi, ninayewagombeza watoto kwa kutoandika vipimo,
nikajikuta nimesimama juu ya kreti la soda
nikiiambia mbao na risasi, kwa sauti,
kaa, kaa, kaa mama, usione haya, kaa.

Ikabaki yake na ya Seman.
Zikaanza kuaga pamoja.
Yake ikagusa kijiti kwanza, kwa upana wa pumzi moja,
na uwanja ukapasuka kwa kelele.

Seman akachukua jogoo na fulana.
Deraman akaifunga pia katika kanga ya zamani,
akanipa niipakate. Ncha bado ina moto.
"Ilikaa muda gani?" akauliza akiwasha pikipiki.
Nikaitazama saa ya shule. Sifuri, sifuri, sifuri.
Sikuwa nimeibonyeza.

Hakusema kitu. Mabega yalicheka.
Kwenye kona ya reli, barabara bado ina maji,
pikipiki inainama,
yeye anainama,
nami pia.